Uso wa Shangazi Mbele ya Kamati

Kuanzia Jumatatu ile, saa mbili kamili asubuhi, hakuna mtumishi wa Mamlaka ya Vibali aliyeruhusiwa kukunja uso bila idhini ya maandishi.

Tangazo lilibandikwa mahali panne: langoni, kwenye ngazi, mlangoni mwa choo cha wanaume, na juu ya Dirisha Namba Tatu, likafunika lile la zamani lililosema mashine ya kurudufu ni mbovu. Lilikuwa na mihuri miwili, mmoja wa bluu na mwingine mwekundu. Uzito wake ulionekana hapo, maana hata mwaka ule ghorofa ya chini ilipojaa maji, tangazo la kuwataka watumishi wapande juu lilipata muhuri mmoja tu, tena wa bluu uliofifia.

Jambo lenyewe lilikuwa la busara kabisa. Mkurugenzi alikuwa ametoka kwenye semina ya wiki mbili ng'ambo, semina ya mawasiliano yasiyo ya maneno kazini. Huko alifundishwa kwamba watu wanapozungumza, maneno ni sehemu ndogo tu. Kazi kubwa inafanywa na macho, mikono, mabega na miguu. Washiriki wenzake walisikia hayo, wakapiga picha ya pamoja, wakaenda kununua zawadi. Mkurugenzi hakuwa mtu wa kuacha elimu ipotee hivi hivi. Alirudi na swali lililomnyima raha: ikiwa maneno ni sehemu ndogo, kwa nini Mamlaka ilikuwa na nyaraka mia mbili na sita za kusimamia maneno, na haikuwa na hata waraka mmoja wa kusimamia mabega? Mabega ya watumishi yalikuwa yakijiendea tu, kama mbuzi wasio na mchungaji.

Ndivyo ulivyozaliwa Mwongozo wa Ishara, Nyuso na Mikao, wenye kurasa arobaini na moja. Ndani yake tabasamu liligawanywa katika madaraja matatu. Daraja la Tatu, la midomo tu, lilikuwa la wananchi wa kawaida. Daraja la Pili, la meno sita, lilikuwa la wananchi waliofika na barua ya mtu fulani. Daraja la Kwanza, ambalo macho nayo hushiriki, lilitengwa kwa wageni kutoka wizarani.

Siku ya kwanza tu, mlinzi wa langoni akaja na lalamiko.

"Mimi meno ya mbele ninayo manne," alisema. "Hayo mawili niyatoe wapi?"

"Jaza fomu ya msamaha," alijibiwa.

"Nikijaza nitapewa meno?"

"Utapewa ruhusa ya kutokuwa nayo."

Mlinzi alifikiri. "Mbona siku zote nilikuwa sinayo bila ruhusa?"

"Hilo tutalisamehe pia. Nakala tatu, tafadhali."

Aliyekuwa akijibu hivyo, kwa upole na bila mzaha hata chembe, alikuwa Afisa Ishara mpya, mtu wa miaka thelathini na minane ambaye hadi Ijumaa iliyotangulia alikuwa mchapaji. Ofisi nzima ilimwita Nukta. Jina lilimganda kwa sababu alichapa kila alichoambiwa na kila alichokiona, bila kuacha nukta hata moja. Mwaka mmoja alipochapa kumbukumbu za kikao, katikati ya hoja ya bajeti aliweka sentensi hii: "Hapa Mkurugenzi alipiga chafya mara mbili, kikao kikaendelea." Wakubwa walivunjika mbavu. Mkurugenzi hakucheka. Aliisoma sentensi ile mara tatu, akavua miwani, akaisoma tena. Hakuna mtu aliyewahi kuipa chafya yake heshima ya namna hiyo. Kwa hiyo alipotafutwa mtu wa kuandika miili ya watumishi, haukuwepo usaili.

Nukta aliipenda kazi, na tusimsingizie, aliiamini. Alipewa daftari kubwa la jalada jeusi na kiti kinachozunguka, ili aone pande zote. Kila mtumishi alikuwa na kurasa zake zenye safu tano: Uso, Macho, Mabega, Mikono, Miguu. Mwongozo ulisema aandikwe kila aliyemo chumbani bila kujali cheo. Mkurugenzi aliagiza yeye awe wa kwanza, kwa kuwa mwili wa kiongozi, alisema, ni hazina ya vizazi vijavyo.

Mafanikio yalionekana mapema, tena yakapita kiasi. Kifungu cha Tatu kilipiga marufuku kuinua mabega. Kabla ya hapo, mwananchi akifika Dirisha Namba Tatu na kuuliza kibali chake kimefikia wapi, karani aliinua mabega, mwananchi akaelewa, akaenda zake. Sasa mabega yalikuwa yamefungwa. Karani alikaa akimtazama mwananchi, mwananchi akimtazama karani, na foleni nzima ikiwatazama wote wawili, hadi karani akaona hana njia ila kuinuka kwenda kukitafuta hicho kibali. Kwa siku tatu mfululizo watu walipata vibali vyao. Habari zikaenea mitaani, foleni ikafika barabarani, na siku ya nne Mkurugenzi akaitisha kikao cha dharura.

"Hali hii haiwezi kuendelea," alisema. "Tutazidiwa."

Ikaamuliwa mabega yarudishwe kwa zamu: Dirisha la Kwanza asubuhi, la Pili mchana, na la Tatu kutwa nzima kwa kuzingatia ugumu wa mazingira ya kazi. Foleni ikapungua, kila mtu akapumua.

Mambo madogo madogo hayakukosekana. Dereva aliandikwa kwa kumkonyeza mama mpika chai.

"Sikumkonyeza," alijitetea. "Niliingiwa na kope."

"Hiyo kope iko wapi?" Nukta aliuliza, kalamu tayari.

"Si imetoka!"

"Basi hakuna ushahidi."

"Na yeye mwenyewe muulize kama amelalamika!"

Mama mpika chai aliulizwa. Alisema hajalalamika, ila angependa kujua kama kweli ilikuwa kope, maana yeye alikuwa amemwongezea sukari.

Yote hayo Nukta aliyaandika, na usiku alilala vizuri. Shida ilianza pale Mwongozo ulipofika masijala.

Masijala ilikuwa chumba cha nyuma ya ngazi, chenye rafu zilizopanda hadi darini na harufu ya karatasi kuukuu. Humo mlikuwa na mafaili elfu na elfu na karani mmoja, mama mtu mzima aliyebakiza miaka miwili astaafu. Mama huyo alikuwa shangazi yake Nukta, dada wa baba yake tumbo moja, aliyemlea tangu darasa la pili na kumwombea nafasi ya uchapaji kwa kugonga milango ya watu hadi vidole vikamwuma.

Na Shangazi alikuwa na uso. Watu wote wana nyuso, lakini wake ulikuwa uso kwelikweli. Midomo ilishuka pembeni, nyusi zilikutana katikati, na macho yalikutazama kana kwamba umekanyaga sakafu aliyotoka kuideki sasa hivi. Hakuwa amekasirika. Ulikuwa uso wa ukoo. Baba yake alikuwa nao, bibi yake alikuwa nao, na picha ya harusi ya bibi huyo ilitundikwa sebuleni miaka mingi huku wageni wakiuliza kesi ile iliishaje. Nukta mwenyewe aliponea chupuchupu kwa kuchukua sura ya mama yake. Ofisini walimwita Shangazi Mawingu, ingawa walihakikisha kwanza ameshafunga mlango.

Mkurugenzi alifika masijala kwa ukaguzi, Nukta nyuma yake na daftari.

"Mama, unaipenda kazi yako?" Mkurugenzi aliuliza.

"Naipenda sana, Mkurugenzi."

Mkurugenzi alimtazama usoni, akarudi hatua moja. "Hebu sema tena."

"Naipenda sana."

"Uso haukubali."

"Uso nilizaliwa nao, Mkurugenzi. Kazi nimeikuta hapa."

Lakini Kifungu cha Tano kilikuwa wazi, na ndicho kifungu Mkurugenzi alichojivunia kuliko vyote: mdomo na mwili vikipingana, mwili ndio unaoaminika. Kwa hiyo ilithibitika palepale kwamba karani wa masijala aliichukia kazi yake, na kwamba alikuwa ameidanganya Mamlaka kwa miaka ishirini na sita. Alipewa miezi mitatu aurekebishe uso. Akishindwa, angefikishwa mbele ya Kamati ya Nidhamu ya Nyuso, na adhabu ilikuwa imeshaandikwa: uhamisho kwenda Kituo cha Mpakani, safari ya siku mbili, mahali ambapo hapakuwa na mwananchi wa kuuona.

Jumapili mchana Nukta alikwenda kwa shangazi yake akiwa na kioo kidogo na nakala ya Mwongozo. Mume wa Shangazi alikuwa ameketi barazani, kama kawaida. Zamani alikuwa fundi seremala mwenye maneno mengi kuliko misumari. Kiharusi kilimchukua upande wa kulia wote na sauti yote, kikamwachia kidole cha shahada cha mkono wa kushoto.

"Shikamoo, Mzee," Nukta alisema.

Kidole kikainuka na kushuka taratibu. Hiyo ilikuwa marahaba.

Somo likaanza.

"Inua pembe za midomo, Shangazi."

"Nimeinua."

"Bado."

"Mwanangu, nimeziinua hadi masikio yanauma."

Nukta alitazama kwenye kioo. Uso ulikuwa ule ule, ila sasa ulionekana una jambo unalificha. Kidole cha Mzee kikagonga mkono wa kiti mara mbili, harakaharaka.

"Anasemaje?"

"Anasema niache, nitawatisha majirani."

Kidole kikachora duara.

"Na hilo?"

"Anataka chai. Na anasema sukari ya jana ilikuwa ya ubahili."

"Yote hayo kwa duara moja?"

"Duara ni chai," Shangazi alisema, akiwa ameshainuka kuelekea jikoni. "Sukari ni vile alivyokawia kulimaliza."

Nukta alifungua Mwongozo akatafuta vidole. Vilikuwepo, ukurasa wa thelathini, chini ya kichwa cha Kugonga Meza Ovyo. Akaufunga. Shangazi aliporudi na chai, akampulizia mumewe, akamnywesha kijiko kimoja kimoja. Mara mbili alisimama katikati bila kuambiwa, akamfuta kidevu, akaendelea. Nukta hakuona Mzee ameashiria nini. Lakini alikuwa ameashiria, hilo lilikuwa dhahiri, kwa sababu Shangazi alijibu, "Najua, najua, usinisimamie."

"Shangazi," Nukta alisema, "ukihamishwa, nani atakuwa anamsoma?"

Shangazi alikiweka kijiko chini. "Hakuna," alisema. "Mwaka jana nilipolazwa tuliweka mtu wa kumwangalia. Mwezi mzima alidhani anafukuza nzi."

Nukta aliona aibu, na aibu yenyewe hakujua aiweke kwenye safu gani.

"Naweza kuandika kwamba umetabasamu," alisema kwa sauti ya chini. "Hata mara mbili kwa wiki. Nani atajua?"

"Wewe? Uandike uongo?"

"Kwa ajili yako tu."

"Ukianzia kwangu hutajua pa kuishia." Alimkabidhi kikombe chake. "Wewe andika unachokiona. Ila basi uone vizuri. Kunywa chai."

Kidole cha Mzee kikagonga mara moja, kwa nguvu. Safari hii hakuna aliyehitaji kutafsiri. Nukta alikunywa.

Miezi mitatu ikapita. Kila siku saa tano Nukta alivuta kiti mlangoni mwa masijala, akaandika hadi kazi kuisha saa tisa na nusu. Katika safu ya Uso aliandika "umekunjwa", na kila alipoliandika neno hilo roho ilimuuma, lakini ndivyo ulivyokuwa. Kisha aliendelea na safu nyingine, ambazo hakuna mtu aliyewahi kuziulizia. Ripoti zilipopanda kwa Mkurugenzi, mkubwa alisoma safu ya kwanza, akagonga muhuri, akapumzika.

Siku ya kesi, Mkurugenzi alifanya jambo ambalo mwenyewe aliliona la werevu mkubwa. Alimwalika Katibu Mkuu wa wizara aje ajionee Mwongozo ukifanya kazi, kwa matumaini kwamba wizara ingeueneza nchi nzima na jina lake lingekwenda nao. Katibu Mkuu alikuwa mama mfupi, mwenye maneno machache na tabia ya ajabu ya kusoma karatasi aliyopewa. Alipoingia langoni alipokewa na Daraja la Kwanza kutoka kila upande. Mlinzi alimpa manne yote aliyokuwa nayo na cheti cha msamaha. Katibu Mkuu alikisoma cheti chote, hadi nyuma.

Saa nne kamili wakaketi katika ukumbi wa mikutano: wajumbe watatu wa Kamati, Mkurugenzi kwenye kiti cha mbele, Katibu Mkuu pembeni yake na Mwongozo mkononi, Nukta kwenye meza ndogo na daftari lake. Shangazi alisimama mbele yao. Alikuwa amevaa nguo yake ya heshima. Uso ulikuwa palepale.

"Karani," Mkurugenzi alianza, "unatuhumiwa kuwa na uso unaopingana na kauli zako. Unasemaje?"

"Kauli zangu hazijabadilika."

"Uso nao?"

"Nao hivyo hivyo."

Wajumbe wakatazamana, mmoja akaandika "Amekiri." Mkurugenzi akamgeukia Nukta. "Afisa Ishara, soma."

Nukta akasimama. "Tarehe mosi, Uso: umekunjwa. Tarehe mbili, Uso: umekunjwa. Tarehe tatu, Uso: umekunjwa. Tarehe nne, Uso: ulifunguka..."

Mkurugenzi akainua kichwa.

"...kwa mwayo. Kisha ukajikunja."

"Tumeelewa," Mkurugenzi alisema. "Mheshimiwa Katibu Mkuu, kama unavyoona, mfumo wetu hauna mwanya. Sasa Kamati itaamua kuhusu uhamisho."

"Hizo safu nyingine ni za nini?" Katibu Mkuu aliuliza.

"Macho, Mabega, Mikono na Miguu, Mheshimiwa," Nukta alijibu.

"Mbona huzisomi?"

"Sijaambiwa."

"Mheshimiwa," Mkurugenzi aliingilia, "kwa kuokoa muda..."

"Soma," alisema Katibu Mkuu.

Nukta akarudi ukurasa wa kwanza. "Tarehe mosi, Mikono. Mzee mmoja ameulizia faili la mwaka aliooa. Mkono wa kulia umepanda rafu ya nne bila macho kutazama, umeshuka nalo. Dakika moja. Tarehe mbili, Mikono. Faili la kibali cha kisima limelowa. Mikono imeanika karatasi moja moja dirishani, zikakauka, imezipanga upya. Tarehe tatu, Mikono. Mjane amelia mlangoni. Mkono wa kushoto umempa kiti, wa kulia umeendelea kutafuta. Tarehe sita, Mikono. Imefuta vumbi mafaili ambayo hayatafutwi na mtu." Akafunua hadi safu ya mwisho. "Miguu. Kwa miezi mitatu haijaelekea mlangoni hata siku moja kabla ya saa tisa na nusu."

Shangazi alikuwa akimtazama mpwa wake, na kwa uso ule mgeni yeyote angeapa kwamba anataka kumchapa. Nukta alijua sivyo. Alikuwa ameusoma miaka thelathini.

"Mwili unasema nini basi?" Katibu Mkuu aliuliza.

"Uso unasema anaichukia kazi, Mheshimiwa. Mikono inasema anaipenda. Miguu iko upande wa mikono."

"Macho na mabega?"

"Hayakupiga kura."

Katibu Mkuu alihesabu kwa vidole. "Mikono miwili na miguu miwili dhidi ya uso mmoja. Nne kwa moja. Mama, rudi kwenye kiti chako. Hakuna uhamisho."

Shangazi akaketi safu ya nyuma. Nukta naye alitamani kuketi, lakini Katibu Mkuu alikuwa bado anafunua kurasa za Mwongozo.

"Nimeupenda huu," alisema. "Hasa Kifungu cha Tano. Mkurugenzi, ulikiandika mwenyewe?"

"Neno kwa neno, Mheshimiwa." Mkurugenzi alivimba. Kesi alikuwa ameshaisahau.

"Miezi kumi na minne natafuta mkuu wa Kituo cha Mpakani. Kila ninayemwuliza, mdomo unasema yuko tayari, na kesho yake analeta cheti cha daktari. Kumbe nilikuwa nauliza sehemu ambayo siyo. Kuanzia leo siulizi midomo." Akamgeukia Nukta. "Ya leo asubuhi umeyaandika?"

"Ndiyo, Mheshimiwa. Ya kila aliyemo chumbani."

"Na Mkurugenzi?"

"Ndiye wa kwanza. Ni agizo lake."

"Soma."

Nukta alimtazama Mkurugenzi. Mkurugenzi alikuwa akimkonyeza kwa jicho la kushoto na kukataa kwa kichwa, kidogo kidogo, ili wizara isione. Ishara zote mbili hazikuwa zimesajiliwa. Nukta akainama, akaziandika, kisha akaanza kusoma.

"Mkurugenzi. Uso: tabasamu la Daraja la Kwanza, macho hayakushiriki. Macho: yametazama saa mara kumi na moja, mshtakiwa mara mbili. Mikono: wa kulia umechora nyumba pembeni mwa karatasi ya mashtaka, yenye bustani na gari. Miguu: yote miwili imeelekea mlangoni tangu saa nne na dakika tano. Nyongeza ya sasa hivi: jicho la kushoto limekonyeza, kichwa kimekataa mara tatu. Kope haikuonekana."

"Miguu ikielekea mlangoni, Mwongozo unasemaje?"

"Ukurasa wa kumi na tisa. Mhusika anatamani kuondoka katika kituo chake cha kazi."

"Mheshimiwa," Mkurugenzi alisema, na sauti yake ilikuwa imepanda, "mimi ofisi hii naipenda kwa moyo wangu wote!"

Katibu Mkuu alipitisha kidole juu ya vichwa vya safu. "Moyo haumo," alisema.

Hapa inabidi ieleweke kwamba Mkurugenzi alikuwa amepanda vyeo kwa shingo. Tangu akiwa afisa mdogo, mkubwa akifungua mdomo, yeye aliitikia kwa kichwa. Mkubwa akisema mvua, shingo ilikubali. Mkubwa akisema jua, shingo ilikubali zaidi. Aliitikia hadi kwenye simu, ambako hakuna aliyemwona. Baada ya miaka ishirini shingo haikuhitaji tena kumshirikisha mwenyewe.

"Kituo cha Mpakani kinahitaji mtu mzito," Katibu Mkuu alisema polepole.

Shingo ikaitikia.

"Mtu anayekielewa Kifungu cha Tano kuliko mwingine yeyote."

Shingo ikaitikia.

"Wa kuripoti Jumatatu."

Shingo ikaitikia, safari hii hadi kidevu kikagusa tai.

"Wewe unafaa. Umekubali?"

"Hapana, Mheshimiwa! Hapana kabisa!" ulisema mdomo wa Mkurugenzi. Lakini mkubwa alikuwa amesema, na kichwa kikashuka na kupanda mara mbili, kwa adabu.

Kalamu ya Nukta ilisikika ikikwaruza karatasi.

"Umeandikaje?" Katibu Mkuu aliuliza.

"Mdomo: hapana, mara mbili. Kichwa: ndiyo, mara mbili."

"Vimepingana," alisema Katibu Mkuu. Akalivuta daftari, akatia sahihi chini ya mstari, akaomba muhuri. Mjumbe mmoja wa Kamati akakimbia kuuleta, akarudi na yote miwili.

Mkurugenzi akafungua mdomo ajieleze. Akaeleza kwa kirefu, kwa mifano, hata kwa machozi. Hakuna aliyemsikiliza. Watu wote chumbani walikuwa wakiitazama shingo, nayo ilikuwa bado inaitikia.